Kibweta cha Zingefuri

Kwenye duka moja la vitu vya kale pale Mji wa Kale, Mombasa, kuna kiboksi cha fedha chenye umbo la embe. Kinaenea kiganjani. Kina bawaba ndogo ubavuni, juu ya kifuniko kuna tausi aliyechorwa kwa ncha nyembamba, na chini kimebandikwa kikaratasi kinachosema ni kiboksi cha ugoro, kazi ya Lamu. Bei yake ni kodi yangu ya miezi miwili, kwa hivyo nilikishika tu, nikakifungua, nikakichungulia. Kwenye kona ya ndani, pale kidole hakifiki, kulikuwa na unga mwekundu ulioganda.

Ugoro wa wapi huo, mwekundu hivyo? Mimi ni wa Kombani. Pale njia panda, unapokata kulia kupanda Kwale mjini ukitoka Likoni, kuna wazee wanaonusa ugoro tangu asubuhi, na rangi yake naijua. Ule haukuwa ugoro. Tena wekundu wake haukuwa mgeni kwangu, maana rangi kama ile ndiyo iliyoniharibia mashati ya shule.

Shambani kwa bibi, ndani kidogo kutoka barabara ya lami, kuna miti ya bixa. Wengine kwetu wanaiita mrangi. Matunda yake ni vifumba vyenye miiba laini. Vikikauka vinapasuka, na ndani mna mbegu zilizovaa rangi nyekundu inayoshika mkono siku mbili hata uoshe na nini. Tunavipiga kwa fimbo, tunapepeta, tunatia guniani, halafu mbegu zinapimwa kwa kilo. Kwale ndiyo nyumba ya bixa hapa Kenya: Shimba Hills, Lunga Lunga, Msambweni. Rangi yake inaishia kwenye siagi, jibini na soseji za watu ambao Kwale hawaijui hata kwa ramani. Bei inapanda, bei inashuka, na bibi hajawahi kuambiwa sababu.

Mti wenyewe si wa huku. Umetoka Amerika ya Kusini, na jina lake la kisayansi, Bixa orellana, limebeba jina la Francisco de Orellana, Mhispania aliyeteremka na mto Amazon mwaka 1541 na 1542. Lakini Kiswahili kiliupa jina kwa neno lililokuwa likijulikana zamani: mzingefuri. Zingefuri ni ile rangi nyekundu ya madini, zebaki iliyoungana na kiberiti, na neno limetufikia kutoka Uajemi na Uarabuni. India nako mambo yakawa yaleyale. Mti ulipofika kwao kutoka ng'ambo, wakautazama, wakauita sinduri, yaani mti wa sindur. Na sindur ndiyo iliyokuwa imeganda kwenye kona ya kile kiboksi. Kilikuwa kibweta cha bibi arusi, na aliyekipachika jina la ugoro amemfuta mwanamke mzima kwa kikaratasi kimoja.

Kwa asiyejua: sindur ni unga mwekundu ambao mwanamke wa Kihindu aliyeolewa anautia kwenye njia ya nywele, kuanzia pale paji la uso linapokomea kwenda nyuma. Mara ya kwanza hajitii mwenyewe. Anatiwa na bwana arusi, siku ya arusi, mbele ya moto na mbele ya watu, kwa kidole, kwa pete au kwa sarafu kulingana na desturi ya kwao. Baada ya siku hiyo kazi inakuwa yake, kila asubuhi, na kwa kazi ya kila asubuhi unahitaji chombo. Chombo hicho kinaitwa sindurdani. Hiyo "dani" usiipite hivihivi. Wazee wetu walikuwa na kalamdani, kile kiboksi cha kuwekea kalamu za kuandikia, na ni "dani" ileile ya Kiajemi: pa kuwekea kitu.

Usidhani kuna sindurdani moja ya India nzima. Bengal bibi arusi anashika kikopo cha mti kiitwacho gachh kouto, kimepakwa rangi nyekundu, ndani yake sindur na sarafu, na hakiachi mkononi siku nzima. Bihar kuna sinhora, ya mti iliyochongwa kwa keezo na kung'arishwa kwa rangi, ambayo mke anakaa nayo maisha yake yote. Maharashtra walikuwa na karanda, kiboksi chenye sehemu zaidi ya moja: moja ya unga, nyingine ya nta. Nta ya nini? Unaipaka kwanza kwenye paji la uso ndipo unga ushike, la sivyo jasho la saa nne asubuhi linakuteremshia ndoa yako mpaka kwenye pua. Aliyebuni hiyo nta alikuwa mwanamke anayefanya kazi jikoni, hilo sihitaji kuambiwa na mtu.

Halafu kuna Gujarat, na Gujarat ndiyo inayotuhusu, kwa sababu Wahindu wengi wa pwani yetu asili yao ni huko, Kutch ikiwemo. Mgujarati unga wake anauita kanku, na chombo chake ni kankavati: kikombe kidogo cha fedha au shaba, mara nyingi kina mguu. Mke wa Kigujarati kwa kawaida anajulikana zaidi kwa chandlo, lile doa jekundu la kwenye paji la uso, kuliko kwa mstari wa kwenye nywele, ambao umeshika sana kaskazini na mashariki ya India. Lakini siku ya arusi familia nyingi zinafanya yote mawili. Na kanku haikai kichwani tu. Kadi ya mwaliko inaitwa kankotri, kwa sababu zamani barua ya arusi ilinyunyiziwa huo unga kabla ya kutumwa. Bibi arusi akifika kwa wakwe anakanyaga maji ya kanku na kuingia ndani kwa nyayo nyekundu. Umeona? Unga unaanza kwenye barua na kuishia sakafuni, na wote umetoka kwenye kikombe kimoja ambacho hata yai haliingii.

Kanku ya asili inatengenezwa kwa manjano. Nilisoma kwamba manjano ikikutana na chokaa inageuka nyekundu, nikaona haya ni ya kujaribu, si ya kusoma. Nikanunua chokaa ya tambuu ya shilingi ishirini Likoni, nikaichanganya na manjano ya bibi kwenye kisahani na matone mawili ya maji. Bana! Ilibadilika mbele ya macho yangu, kutoka manjano hadi nyekundu ya damu, muda wa kusema bismillahi. Bibi akatazama, akasema tu kwamba hicho kisahani nitakiosha mimi.

Hapo ndipo kidogo nilianza kuona mambo kwa upande mwingine. Chokaa ya tambuu, pwani hii, ilikuwa na kijaluba chake, kikebe cha fedha au shaba ambacho bibi mwenye heshima zake hakukosa. Wanja ulikuwa na chombo chake na kijiti chake. Kulikuwa na dalia, ule unga wa manjano wa kujipaka, na liwa ya msandali, na mrashi wa kunyunyizia wageni. Kilwa, Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960, ardhi ilimtolea vijiti vya shaba vya kupakia wanja, vya karne nyingi zilizopita. Mwanamke wa Kiswahili na mwanamke wa Kigujarati walikuwa wanachota kwenye sokoni mamoja ya bahari moja: manjano, chokaa, marashi, fedha ya kuyeyusha. Walichotofautiana ni kile kinachosemwa na rangi ikishapakwa.

Nilisoma historia chuo kikuu miaka miwili na nusu kabla karo haijanishinda. Kuna muhula mzima ulikuwa wa biashara ya Bahari ya Hindi. Tulifundishwa pembe, karafuu, watumwa, bunduki, merikani, msimu wa kaskazi na kusi. Bidhaa zote hizo zilibebwa na wanaume kwenda kwa wanaume. Silaumu mwalimu, vitabu ndivyo vilivyo. Lakini ukitaka kujua lini Wahindu walikuja pwani hii kuishi, si kuchuma na kurudi, meli hazitakwambia. Kitakachokwambia ni kankavati.

Angalia. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alikuta meli za Wahindi zimetia nanga. Miaka ya Sayyid Said kule Zanzibar, forodha nzima ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch, na Banyani wenzake walikuwa wakikopesha misafara inayokwenda bara. Watu wa pesa na wa daftari, wamekaa hapa vizazi. Ila wake zao hawakuwepo. Kwa Wahindu wengi wa tabaka la juu kuvuka bahari kulihesabiwa kujitia najisi. Mwanamume alikwenda akarudi akatakaswa, mwanamke akabaki Kutch au Kathiawar akimngojea. Kila asubuhi anafungua kibweta chake anajitia alama ya mume aliye Unguja, bahari nzima katikati. Huku kwetu nyumba ya Banyani ilikuwa na mizani na kasha la pesa, na labda picha ya mungu ukutani, lakini hapakuwa na kanku ya asubuhi.

Wanawake walianza kuja kidogo kidogo kuelekea mwisho wa karne ya 19, na wakazidi baada ya reli. Reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, 1896 hadi 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na wengi walirudi. Waliofuata nyuma yao ndio waliobaki: wenye maduka, mafundi, makarani, na safari hii na familia. Duka la Mhindi likafika mpaka kwenye vituo vidogo vya Kwale. Ramisi kukawa na kiwanda cha sukari kuanzia miaka ya 1920, kwa jasho la watu wa huku na la Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji kuja kukata miwa na mkonge. Nyuma ya kila duka kulikuwa na jiko, na kwenye rafu ya jikoni, karibu na taa ya ibada, kile kikombe kidogo.

Sisi tulibaki na methali: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Kila mtoto wa pwani anaijua. Ni methali ya mtu aliyekuwa akikopa dukani na kumtukana mwenye duka njiani akirudi nyumbani, na sioni haja ya kuitetea. Lakini inaonyesha tuliishia wapi katika kumjua jirani: kwenye kiatu, pale mlangoni. Jikoni hatukuingia. Wala wao hawakutukaribisha, tuseme ukweli. Walikuwa na sheria zao za nani anagusa chombo gani, na mfanyakazi wa nyumbani aliyeosha sufuria miaka ishirini hakuruhusiwa kugusa rafu ile.

Kisha wakaondoka. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara, na asiye raia akakatazwa kufanya biashara nje ya maeneo machache ya mijini. Mwaka 1968 Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia wenye pasipoti zake kutoka Afrika Mashariki, kwa hivyo watu walikimbilia ndege kabla mlango haujafungwa. Maduka ya vituo vidogo yakabadilisha wenyewe. Ramisi ilijikokota hadi 1988, kikafungwa kiwanda, na mashamba ya miwa yakageuka vichaka. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale walitembea kwenda Nairobi kudai uraia, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Julai 2017 Wahindi wakatangazwa kuwa la 44. Karne ya jasho la miwa na ya daftari za deni, halafu nambari mbili zinazofuatana.

Sasa nikwambie kuhusu Ba.

Diani siku hizi ni mji wa arusi. Familia za Kihindi kutoka Nairobi, London na kwingineko zinachukua hoteli nzima siku tatu, na mpiga picha mmoja rafiki yangu akipata kazi hizo ananiita niandike maneno ya albamu. Malipo si mabaya, na chakula ni kingi. Arusi moja ya mwaka jana, wakati wapiga picha wanapanga sinia la vifaa vya ibada, akaja bibi mmoja mkongwe, sari nyeupe yenye ukingo wa kijivu, kila mtu anamwita Ba. Nami nikamwita Ba, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha Mombasa hasa, cha kuvuta maneno. Mkononi alikuwa na leso, na ndani ya leso kankavati ya fedha, mguu wake umepinda kidogo. Alizaliwa Msambweni, akanieleza, baba yake alikuwa na duka la vitambaa na mafuta ya taa mpaka leseni zilipokatwa. Hiyo kankavati alipewa na mama yake akiwa na miaka 19.

Nikamwomba aishike tumpige picha akiiweka kwenye sinia. Akatikisa kichwa. Akamwita mwanamke mwingine, shangazi wa bibi arusi, akampa aiweke yeye.

"Kwani wewe huwezi, Ba?"

"Hii ya kuweka bwana, beta," akasema. "Bwana yangu hayuko. Miaka kumi na moja."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayekwambia feri ya saa mbili imeshaondoka. Mjane wa Kihindu, kwa desturi ya zamani, haguswi tena na sindur wala kanku, na kwenye mambo ya heri kama arusi anakaa pembeni asije akaleta nuksi. Wanafamilia wengi leo hawafuati hivyo. Hata pale kuna wajukuu waliokunja uso. Lakini aliyejizuia ni Ba mwenyewe. Kibweta cha fedha chake, mjukuu wake, arusi imelipwa kwa sehemu na fedha za duka lao, na hakuthubutu kukiweka kwenye sinia kwa mkono wake.

Nilikwenda nyumbani na jambo hilo. Kwetu mjane anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hapaki hina, hapaki wanja, hajitii manukato. Lakini eda ina mwisho. Siku ikifika anaoga, anajipamba, kijiti cha wanja kinatoka mahali kilipokuwa kimewekwa, na akitaka kuolewa tena ni haki yake. Sisemi kwamba mjane wa Kidigo ana raha. Nimeona mashemeji wakigombania mabati angali eda. Ila chombo chake kinafungwa kwa muda. Cha Ba kimefungwa moja kwa moja, ingawa sheria ya kumruhusu mjane wa Kihindu kuolewa tena ilipitishwa India tangu 1856. Sheria inaweza kufungua mlango wa mahakama, lakini kifuniko cha kankavati kinafungwa na mikono ya ndugu.

Na ukitaka kuona unga huu unavyobebeshwa uzito kupita kiasi, angalia mahakama zenyewe. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya 1955 inahesabu hatua saba mbele ya moto. Sindur haikutajwa kabisa. Yetu ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za aina tano, ya Kihindu mojawapo, na haimuulizi mtu ana rangi gani kichwani. Lakini Juni 2020 Mahakama Kuu ya Gauhati, kaskazini mashariki ya India, ilimpa mwanamume talaka, na moja ya hoja ilikuwa kwamba mke amekataa kuvaa sindur na bangili za kombe, na kukataa huko ni dalili ya kuikataa ndoa. Mume hana unga wake. Hakuna kibweta cha mwanamume ambacho kikikutwa kikavu atafikishwa mahakamani.

Wapo wanaojibu kwamba desturi ni ya kale mno kuhojiwa. Wanataja vijisanamu vya udongo vya wanawake vilivyochimbuliwa Nausharo, Balochistan, vya kati ya miaka 2800 na 2600 kabla ya Kristo, vyenye rangi nyekundu kwenye njia ya nywele. Vijisanamu vipo, na rangi ipo. Lakini rangi kichwani mwa sanamu haisemi huyo mwanamke ni mke wa nani. Inasema alijipamba, basi. Huenda zamani hizo alijitia mwenyewe tangu mwanzo, kwa sababu alipenda.

Kuna jambo jingine, na hili si la desturi, ni la damu. Zingefuri ya kweli ina zebaki. Sindur ya bei rahisi, ile inayong'aa kupita manjano na chokaa, mara nyingi imepata rangi yake kwenye risasi iliyochomwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walichapisha matokeo ya sampuli 118, 95 zilizonunuliwa New Jersey na 23 India. Asilimia 83 ya zile za Marekani na 78 ya zile za India zilikuwa na angalau mikrogramu moja ya risasi kwa kila gramu. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, na mtoto ndiye anayelala begani kwa mama, anayeshika nywele, anayetia vidole mdomoni. Kwa hiyo wanaouza sindur "ya asili" wamerudi kwenye manjano, na wengine kwenye ule mti wa vifumba vya miiba. Siku moja nilimweleza bibi kwamba kule India kuna watu wanaouza rangi ya bixa kwa maharusi, kwa vikopo vidogo vidogo. Akauliza kilo shilingi ngapi. Nikamwambia hawapimi kwa kilo, Bibi, wanapima kwa gramu. Akanyamaza muda mrefu sana, anapiga hesabu.

Vibweta vyenyewe vinaisha, na havimalizwi na dini wala siasa. Vinamalizwa na sindur ya maji, ya kwenye kichupa chembamba kama cha rangi ya mdomo, chenye sifongo kwenye ncha. Unachora mstari, unafunga, unatia mkobani, unakwenda kazini. Haimwagiki, haihitaji nta, na ikiisha unatupa. Bibi arusi wa ile arusi ya Diani alikuwa nacho kimoja, nilikiona kwenye meza ya vipodozi. Kankavati ya Ba ilitumika kwa dakika tatu, kwa ajili ya ibada na picha, halafu shangazi akairudisha kwenye leso.

Jioni, watu wakicheza, nilimkuta Ba amekaa peke yake upande wa baharini, leso mapajani. Nikamuuliza atakuja kumwachia nani. Akaniambia mkwe mkubwa hataki, nyumba yake ya Leicester ni ndogo na vitu vya fedha vinataka kusuguliwa. Binti alishasema kipelekwe makumbusho, lakini makumbusho gani yatachukua kitu kidogo hivyo, tena kimepinda? Mjukuu mmoja wa kiume ndiye aliyekiomba. Alikuwa amekipima kwa macho, akaona vile vipuli vyake vya simu vya kuvaa masikioni vitaenea ndani vizuri kabisa.

"Nitampa?" Ba akaniuliza, kama mimi ndiye mwenye jibu.

Nikamuuliza kama ndani bado kuna unga. Akafunua kifuniko kwa ukucha, akainamisha kuelekea taa za hoteli. Ulikuwemo kidogo, chini kabisa. Alikuwa hajaugusa tangu ule mwaka.

"Aseme kwanza ataosha vipi," akasema, akakifunga.